Briketi za vumbi la makaa ya mawe na plastiki: zikigoma, anzia wapi

Mtu akinipigia simu kulalamika kwamba briketi zake, yaani vitofali vya kuchoma vilivyoshindiliwa, zinamomonyoka, simuulizi habari za mashine. Namwomba achote gramu 100 za vumbi lake la makaa ya mawe kabla halijaingia kwenye mchanganyiko, alikaushe kwa joto la nyuzi 105 hadi 110 mpaka uzito ugome kupungua, kisha alipime tena. Gramu zilizopotea ndiyo asilimia ya maji. Akinipigia tena huwa na jibu mkononi: 18, wakati mwingine 22. Kwa maji kiasi hicho, hata ununue mashine ya namna gani, hutapata briketi.

Ndiyo maana mwongozo huu una mwendo mmoja. Karibu kila hitilafu unayoiona kalibuni au motoni ilizaliwa mapema zaidi, kwenye unyevu wa vumbi au kwenye gunia la plastiki ambayo haikuchambuliwa. Rudi nyuma kwanza, ndipo uguse mashine.

Kabla ya dalili, tuwekane sawa. Ninazungumzia briketi zinazoshikana kwa plastiki iliyoyeyushwa, zitakazochomwa kwenye boila au tanuri la kiwandani lenye feni, dohani na chombo cha kusafisha moshi. Hazifai jiko la kupikia wala la kupashia chumba joto, na sitakwambia jinsi ya kuzifanya zifae. Sheria za Umoja wa Ulaya kuhusu uchomaji wa taka zinadai gesi ikae kwenye nyuzi 850 kwa sekunde 2 angalau, na nyuzi 1,100 ikiwa taka za hatari zinazochomwa zina zaidi ya asilimia 1 ya klorini na jamaa zake. Jiko la nyumbani halifikii hapo, na mpishi anavuta moshi wake palepale.

Jambo la pili: plastiki safi inayoweza kurudi kuwa ndoo au bomba isiletwe huku. Inayofaa kuchomwa ni ile iliyochakaa na kuchafuka kiasi cha kukataliwa na wanaoiyeyusha upya.

Dalili: briketi inatoka nzima, kisha inapasuka yenyewe

Unaisikia kabla hujaiona. Briketi inaanguka kwenye mkanda, unasikia mlio mdogo kama wa punje ya bisi, na ubavu wake unafunguka. Ukiivunja ukaitazama kati, utakuta vishimo vidogo vyenye kuta laini zinazong'aa. Hivyo ni vyumba vya mvuke. Maji yakigeuka mvuke kwenye shinikizo la kawaida la hewa hutanuka zaidi ya mara 1,600. Ndani ya kalibu mvuke ulibanwa, na kalibu ilipofunguka ukatafuta njia ya kutokea.

Tiba ni kukausha, si kuongeza nguvu ya kushindilia. Vumbi linalotoka kwenye mabwawa ya kuoshea makaa hubeba maji mengi hata likionekana kavu juu, kwa sababu chembe zake ni ndogo na kila moja imevaa ngozi yake ya maji. Kwa briketi za plastiki ya moto, mimi hulenga chini ya asilimia 5. Lianike kwa tabaka jembamba na uligeuze mara kwa mara, au tumia pipa la kukaushia linalozunguka. Usitumie moto wa wazi: vumbi kavu la makaa ni hatari ambayo nitaifikia.

Kama vumbi ni kavu na bado zinapasuka, tazama zinavyopozwa. Plastiki husinyaa inapoganda. Ukiitumbukiza briketi ya moto kwenye maji baridi, ganda la nje linasinyaa haraka huku kiini kikiwa bado laini, na nyufa zinaanzia juu kwenda ndani. Zipoze kwa hewa, zikiwa safu moja, bila kurundikana.

Dalili: briketi inamomonyoka mkononi

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na hapa ndipo dawa isiyofaa hutolewa mara nyingi: "ongeza plastiki". Wakati mwingine ndiyo. Lakini kwanza ivunje briketi vipande viwili, ipeleke kwenye mwanga, uitazame sura ya mvunjiko. Inasema mengi.

Ukiona mabaka ya plastiki yenye rangi yake ile ile, buluu hapa, nyeupe pale, na kati yake unga mtupu wa makaa, plastiki haikuyeyuka au haikuchanganyika. Polietilini laini ya mifuko huyeyuka kwenye nyuzi 105 hadi 115 hivi. Ile ngumu ya madumu kwenye 120 hadi 135. Polipropilini ya vifuniko na magunia ya kusuka kwenye 160 hadi 170. Sasa mtu amechanganya zote tatu na ameweka kipimajoto cha mashine kwenye 140. Magunia yamebaki vipande tu, kama majani makavu kwenye udongo. Ama uyatoe, ama uipandishe mashine hadi 180 hivi na uipe mchanganyiko muda wa kutosha. Kumbuka kipimajoto kinasoma chuma cha mashine. Katikati ya mchanganyiko hupashika polepole, maana vumbi la makaa halipitishi joto vizuri. Chomeka kipimajoto cha sindano kwenye mchanganyiko wenyewe unapotoka, ndipo uamini.

Ukiona mvunjiko mweusi mmoja usio na mabaka, lakini unga unabaki kwenye vidole, plastiki imeenea ila haitoshi. Hapo ndipo pa kuongeza. Lakini angalia pia ukubwa wa chembe. Kwa uzito ule ule, ukiipunguza chembe kipenyo kwa nusu, eneo la kupakwa gundi linakuwa mara mbili. Vumbi laini kama poda hula plastiki nyingi sana. Vumbi lenye ukubwa mchanganyiko, chembe hadi milimita 3 pamoja na poda ya kujaza nafasi kati yake, hushikana kwa plastiki kidogo zaidi. Nimeona mchanganyiko uliokuwa ukidai asilimia 15 ukatulia kwenye 9 baada ya kurudishiwa chembe nene ambazo mtu alikuwa akizichekecha na kuzitupa.

Ukiona mvunjiko unaong'aa kama kioo chenye udongo wa kijivu, una udongo wa mfinyanzi mwingi kwenye makaa. Polietilini inapendana na uso wa makaa, maana vyote viwili vinakataa maji. Udongo unapenda maji na plastiki haiushiki vizuri. Suala hili ni la kuosha makaa, nitalirudia kwenye majivu.

Uimara pimeni kwa kudondosha. Kipimo kinachotumika kwa makaa ya mawe ni kuangusha kutoka urefu wa mita 1.8 hivi juu ya bamba la chuma, mara mbili, kisha kuchekecha na kupima vilivyobaki vikubwa. Chukua briketi zilizokwisha kupoa kabisa. Ya moto hudunda kama mpira na kukudanganya.

Dalili: harufu inayochoma pua mashineni

Simamisha mashine, washa feni, toka nje. Usingoje kuhakikisha.

Polietilini ikipashwa kupita kiasi hunuka kama mshumaa uliozimwa sasa hivi. Hiyo ni ishara ya kupunguza joto, basi. Lakini harufu inayochoma pua na kutoa machozi ni haidrojeni kloridi, na maana yake kuna PVC kwenye gunia lako: vipande vya mabomba, ngozi za nyaya za umeme, mapazia ya bafuni, ngozi bandia. PVC halisi ni klorini kwa asilimia 57 ya uzito wake, na huanza kuiachia ikipashwa kupita kiasi, mapema kuliko plastiki nyingine. Gesi hiyo ikikutana na unyevu inakuwa asidi ya haidrokloriki, inayokula roli za mashine, mabomba ya boila na mapafu yako. Na ikifika motoni, klorini hiyo ndiyo malighafi ya dioksini, sumu ambazo hujijenga moshi unapopoa kati ya nyuzi 200 na 450 hivi, hasa palipo na masizi na chembe za shaba. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliziweka dioksini kwenye orodha ya sumu zinazodumu ambazo nchi zinatakiwa kuzipunguza.

Kuchambua hakuhitaji maabara. Hatua ya kwanza ni ndoo ya maji yenye matone machache ya sabuni, ili mapovu yasishike kwenye vipande. Kata plastiki vipande vidogo, tumbukiza, koroga. Polietilini na polipropilini huelea. PVC huzama, chupa za soda za PET huzama, polistirini ngumu huzama polepole. Chukua kinachoelea tu. Utapoteza vitu vichache vinavyofaa, lakini utalala usingizi. Iliyo na povu huelea hata kama ni PVC, kwa hiyo sponji na soli za viatu zitoe kwa mkono kabla ya maji.

Hatua ya pili ni waya wa shaba, kwa vipande unavyovitilia shaka. Fanyia nje, ukisimama upande unakotoka upepo. Shika waya kwa koleo, upashe kwenye mwali wa gesi mpaka mwali urudi rangi yake ya kawaida. Gusisha waya wa moto kwenye kipande ili kishike kidogo, kisha urudishe motoni. Ukiona kijani kibichi, kina klorini, au angalau mmoja wa jamaa zake. Kipande kimoja, sekunde chache. Mimi huwapa vijana wa kuchambua kazi hii siku yao ya kwanza, kwa sababu mtu akishaona kile kijani kwa macho yake hasahau tena ngozi ya waya inafananaje.

Kuna watakaokuambia utie chokaa, itameza klorini. Chokaa hukamata sehemu, haikamati yote, na unachopata ni kloridi ya kalsiamu kwenye majivu na kutu kwenye chuma. Shehena iliyochanganyika na PVC isichomwe. Irudishe mezani ichambuliwe upya, na kama imeshakuwa briketi, iandike, itenge, usiiuze. Hata tanuri za saruji, ambazo ndani yake mwali hupita nyuzi 1,800, huikataa: kloridi huruka pamoja na gesi, huganda kwenye sehemu za baridi zaidi, na kuziba njia.

Dalili: moshi mweusi mwanzoni, kisha moto unafifia

Mlalamikaji atasema, "Zinawaka kwa fujo dakika tano, halafu kama zimekufa." Amesema kweli, na chanzo ni kwamba ndani ya briketi moja umeweka mafuta mawili yenye tabia tofauti. Plastiki huyeyuka mapema na kwenye nyuzi 400 hadi 500 inageuka gesi karibu yote, bila kuacha kaa. Makaa ya mawe hutoa gesi yake kidogo kidogo, kisha hubaki na kaa linaloungua polepole. Gesi ya plastiki ikitoka kwa mkupuo ilhali hewa inaingizwa chini ya chanja tu, haipati oksijeni ya kutosha juu, inakuwa masizi.

Fungua hewa ya juu. Boila nyingi zina matundu ya hewa ya pili juu ya kitanda cha moto, na mara nyingi nayakuta yamezibwa na majivu kwa sababu mwendeshaji alizoea makaa yasiyo na gesi nyingi. Yasafishe kwanza. Kisha lisha kidogo kidogo: koleo dogo kila mara badala ya kujaza tumbo la tanuri na kwenda kunywa chai. Tanuri lipashwe kwa kuni au makaa ya kawaida kabla ya kuingiza briketi, maana gesi ya plastiki ikitoka kwenye chumba baridi haiungui.

Kama bado kuna moshi, pima plastiki uliyoitia. Binafsi sivuki asilimia 15. Kishawishi naelewa kinatoka wapi: polietilini ina megajuli 43 hivi kwa kilo, na makaa taka, yale yanayotupwa mgodini, huenda yana 14 tu. Ukichanganya sehemu 90 kwa 10 unapata 16.9, na mtu anaona njia ya mkato. Lakini kila asilimia unayoongeza inaongeza pia mkupuo wa gesi, na mwisho unakuwa na moto wa plastiki wenye changarawe ndani yake. Polistirini iondoe kabisa. Hata ikiwa kidogo masizi yake yanaruka kama nyuzi nyeusi hewani.

Plastiki ikidondoka chini ya chanja na kuwaka humo, vipande vyake vilikuwa vikubwa mno. Saga hadi milimita chache kabla ya kuchanganya. Plastiki iliyoenea kama utando hubaki imeshikwa na chembe za makaa. Kipande kizima hutiririka.

Dalili: majivu mengi, au mabonge magumu kama mawe

Hapa niseme wazi ili mtu asipoteze pesa: plastiki haipunguzi majivu, inayafanya yagawanyike tu. Makaa taka yenye majivu asilimia 45, ukiyachanganya na asilimia 10 ya plastiki safi, yatakupa briketi ya majivu 40.5. Hiyo ni kama sehemu mbili kati ya tano za uzito unaoubeba, unaoupakia na unaouzoa tena. Dawa iko kwenye kuosha. Makaa ni mepesi, uzito wake kwa ujazo ni mara 1.3 hadi 1.5 ya maji. Mwamba wa udongo unakaribia mara 2.5, na pirite, madini ya chuma na salfa, mara 5. Maji yanayotikiswa vizuri hutenganisha hivyo vitatu. Kuosha kunaleta unyevu tena, kwa hiyo kukausha kunakuja baada yake, si kabla.

Majivu yakibadilika wiki kwa wiki bila wewe kugusa chochote, lundo lako ndilo linalobadilika. Taka za mgodini zilimwagwa kwa tabaka, siku ya mwamba na siku ya makaa. Chota kutoka sehemu nyingi, changanya, ndipo upime. Lakini usichimbe mguu wa lundo kutafuta sehemu nzuri. Huko Aberfan, Wales, tarehe 21 Oktoba 1966, lundo la taka za makaa lililolowa maji liliteremka mlima na kuua watu 144, 116 kati yao watoto, wengi wakiwa shuleni. Lundo likiwa na chemchemi chini yake au nyufa juu, mwite mhandisi wa miamba kabla ya koleo la kwanza.

Mabonge yaliyoyeyuka na kugandana kwenye chanja yana chanzo kingine: joto la kitanda limepita kiwango ambacho majivu huanza kulainika. Chumvi, hasa ya sodiamu, hushusha kiwango hicho, na plastiki za mashambani na za samaki huja na chumvi na udongo wake. Zioshe. Kisha punguza unene wa kitanda, na uache kuchokoachokoa moto; kila unapoyapandisha majivu kwenye sehemu ya moto zaidi unayapika.

Dalili: harufu ya kiberiti

Ni dioksidi ya salfa, na inatoka kwenye makaa, si kwenye plastiki. Salfa iliyo ndani ya pirite hupungua kwa kuoshwa. Iliyofungamana na makaa yenyewe haitoki kwa maji. Hapo chokaa ina kazi yake halali. Kwa hesabu ya kemia, kilo 1 ya salfa inahitaji kilo 3.1 hivi za mawe ya chokaa, na kwa vitendo hutiwa mara mbili ya hapo kwa sababu sehemu haifikiwi. Hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 800 hadi 900. Tanuri la moto zaidi huiachia salfa tena. Na chokaa yote inaongeza majivu, kwa hiyo ifikirie kama makubaliano.

Dalili: vumbi linaelea, au mtu ameona cheche

Usizoee. Tarehe 10 Machi 1906, mgodini Courrières, Ufaransa, mlipuko wa vumbi la makaa uliua watu 1,099. Vumbi unalolikausha ndilo hilo hilo. Pale penye kukaushia na kuchekechea pafunikwe na pavutwe vumbi kwa mashine. Mashine zote ziunganishwe na ardhi ili umeme tuli usijikusanye. Sumaku iwekwe kabla ya kisagio ikamate misumari. Sakafu isifagiliwe kwa ufagio mkavu wala kupulizwa kwa hewa ya kompresa. Ukiweza kuandika jina lako kwa kidole juu ya mwimo wa mlango, safisha leo.

Dalili: lundo la briketi lina joto asubuhi

Kwa kawaida zilirundikwa zikiwa na moto ndani. Ya nje inashikika, kiini bado. Makaa hunywa oksijeni na kutoa joto, na pirite yenye unyevu huharakisha. Rundo kubwa halina pa kulipeleka joto hilo. Zitandaze zipoe mpaka ukivunja moja, kiini chake kinashikika kwa mkono mtupu. Malundo yawe mafupi, chini ya paa, yenye njia za hewa nje yake na si vitobo vinavyopitisha upepo katikati, kwa sababu upepo kidogo unalisha moto bila kuupoza.

Lundo likiwa limeshaanza kufuka, usilipige kwa maji ya mkupuo. Unalipua vumbi na mvuke. Litenganishe kwa mashine kutoka pembeni, tandaza sehemu ya moto mbali na nyingine, izimwe kwa maji ya manyunyu. Na kama lilikuwa ghalani, fungua milango, usiingie mpaka hewa ipimwe kaboni monoksidi. Haina harufu.